Trigonometria kwenye mtihani: penseli ichore, kalamu ikokotoe

Mitihani ya taifa Tanzania ina agizo la siku zote: maandishi kwa wino wa bluu au mweusi, michoro kwa penseli. Kwenye swali la trigonometria, fuata mpangilio huohuo: penseli kwanza, kalamu baadaye.

Tuseme mtu yuko mita 40 kutoka kwenye mnara, macho yake yako mita 1.6 juu ya ardhi, na anaona kilele kwa pembe ya mwinuko ya 32°. Shika penseli ya HB iliyochongwa vizuri na rula. Mstari wa mlalo uanzie machoni, si miguuni. Hapa ndipo alama nyingi hupotea: mtahiniwa anakokotoa pembetatu sawasawa, kisha anasahau ile 1.6. Pembe ya kutazama chini nayo hupimwa kutoka mstari wa mlalo. Kama mtazamaji yuko juu ya mnara, ukaambiwa 25° ukaiweka kati ya mnara na mstari wa jicho, umekosea, maana pale pana 65°.

Mchoro ukikaa sawa, shika kalamu. Una upande wa karibu, unatafuta wa mkabala, yaani h. Kifupi cha kukumbuka uwiano, SOTOCA juu, HAH chini (S, T, C ni saini, tanjenti, kosaini; O ni mkabala, A ni karibu, H ni kiegema), kinakupa tanjenti, O juu ya A:

tan 32° = h/40
h = 40 × 0.6249 = 24.996
Urefu wa mnara = 24.996 + 1.6 ≈ 26.6 m

Kadiria mwishoni tu, na andika kila hatua hata kama unaiona kichwani: jibu likikosewa, hatua sahihi bado zinaweza kukupatia alama.

Kwenye majedwali, angalia sana kosaini, kwa sababu hupungua pembe inapokua. Kwa cos 40°20′, soma safu ya 18′ upate 0.7627, kisha tofauti ya 2′, yaani 4 (maana yake 0.0004), uitoe: 0.7623. Ukiijumlisha kwa mazoea ya saini, utapata 0.7631. Kama karatasi yako inaruhusu kikokotoo, jaribu kwanza sin 30: isipotoka 0.5, hakipo kwenye DEG, yaani hali ya nyuzi.

Ukikosea kwa kalamu, piga mstari mmoja juu ya kosa na uandike upya chini yake. Usikokotoe kwa penseli ukitarajia kupitishia wino baadaye. Muda hautoshi, na tarakimu hubadilika wakati wa kunakili. Tena usikate njia ya kwanza kabla ya kukamilisha ya pili.