Kuchagua rivolva ya kaliba kubwa kwa bei nafuu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wateja wengi wanaonijia hapa Tabora wakitaka rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya kaliba kubwa, yaani ya risasi nene, huanza kwa kuuliza bei ya silaha, nami huwauliza kwanza kuhusu risasi. Bastola hulipiwa mara moja, lakini risasi hulipiwa miaka yote, na risasi isiyopatikana kwa muuzaji mwenye leseni huifanya silaha iliyonunuliwa kwa bei ya kutupwa iwe chuma cha kukaa sandukuni. Mwongozo huu unahusu rivolva za kukokiwa kwa mkono, yaani zile ambazo nyundo yake lazima ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, na kazi ya triga ni kuiachia tu. Katika kaliba kubwa hizi ndizo nafuu kuliko nyingine zilizo imara, kwa sababu mtambo wake una vipande vichache na silinda yake hukaa ndani ya fremu nzima bila kufunguka pembeni.

Niseme mapema kwamba hii ni silaha ya akiba. Mrina asali anayelala msituni upande wa Ugalla, au msindikizaji wa wawindaji ambaye mikono yake ina kazi nyingine, anaweza kuwa na sababu ya kuibeba kiunoni. Kwa mnyama mkubwa silaha ya kazi ni raifo, na anayewaza kununua rivolva ili aokoe gharama ya raifo ninamshauri aache.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya fedha

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni itangulie silaha. Anza kwa polisi wa wilaya yako, uulize utaratibu wote ulivyo sasa, na usitoe hata malipo ya awali kabla hujajua kama ombi lako linaweza kukubaliwa kwa aina hiyo ya silaha. Ukinunua iliyotumika, namba iliyopigwa kwenye fremu lazima isomeke vizuri na ilingane na ile iliyoandikwa katika leseni ya mwenye nayo, na uhamisho upitie polisi. Namba iliyokwanguliwa, au fremu iliyosuguliwa mahali pale pa namba kisha ikapakwa rangi upya, inatosha kukufanya uondoke hapo hapo. Kwa ndugu zetu wa Kigoma, ambao mkoa wao umepakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa silaha isiyo na historia ya maandishi inaweza kuwa imetoka vitani.

Hatua ya pili: chagua risasi, kisha silaha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kaliba kubwa zinazozungumzwa sana ni mbili. Ya kwanza ni .45 Colt, iliyoanza mwaka 1873 pamoja na rivolva ya Colt Single Action Army. Kichwa chake kina uzito wa takriban gramu 16.5, na risasi ya kawaida ya kiwandani hukirusha kwa mwendo wa karibu mita 260 kwa sekunde. Ya pili ni .44 Magnum, iliyotokea katikati ya miaka ya 1950, ambayo hurusha kichwa cha gramu 15.5 kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Tofauti yao kubwa ni shinikizo la gesi ndani ya chumba cha risasi: .45 Colt imewekewa kikomo cha pauni 14,000 kwa inchi ya mraba, na .44 Magnum pauni 36,000.

Maandishi mengi ya Marekani husifu .45 Colt kwa kuwa mwenye silaha imara anaweza kuijaza baruti zaidi ikakaribia .44 Magnum. Ushauri huo ni sahihi kwao, kwa sababu huko watu wengi hujaza maganda yao wenyewe nyumbani. Sisi tunanunua risasi za kiwandani, kwa idadi tuliyoruhusiwa, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni. Kwa hiyo sifa ambayo inategemea kujaza mwenyewe haina faida kwako, na kwa mtazamo wangu .44 Magnum ndiyo chaguo bora kwa mnunuzi wa huku anayetaka nguvu. Ina faida nyingine ya akiba: silaha yake hupokea pia .44 Special, iliyo fupi kidogo na pole, inayofaa kwa mazoezi. Ukizoea kupiga hiyo fupi, safisha vyumba vya silinda kabla ya kurudia ile ndefu, kwani masizi hujenga pete mbele ya mahali ganda fupi linapoishia, na ganda refu hukwama hapo.

Kuna hatari moja katika .45 Colt ambayo lazima niitaje. Zipo risasi za kaliba hiyo zilizotengenezwa zikiwa na shinikizo kubwa, na sanduku lake huandikwa kwamba ni kwa ajili ya silaha za aina fulani tu, kama vile rivolva ya Blackhawk ya kiwanda cha Ruger. Risasi hizo huingia bila shida katika nakala za Kiitaliano za Colt, na vilevile katika Ruger New Vaquero iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na fremu ndogo kuliko Vaquero ya mwanzo, lakini silaha hizo hazikujengwa kwa ajili yake, na silinda inaweza kupasuka mkononi. Colt za zamani kabisa, zilizotengenezwa enzi za baruti nyeusi, zisipigwe hata risasi za kawaida za leo.

Ukishaamua, nenda kwa muuzaji umuulize mambo mawili: leo anazo risasi hizo, na huagiza mara ngapi. Jibu lake likiwa la kubabaisha, fikiria .357 Magnum. Si kaliba kubwa kwa maana kamili, lakini silaha yake hupokea pia .38 Special, nayo ni risasi iliyoenea sana duniani.

Hatua ya tatu: aina za kutafuta

Kwa bei na uimara, ninaiweka mbele Ruger. Blackhawk ilianza mwaka 1955, na Super Blackhawk ya .44 Magnum ikafuata mwaka 1959. Zinatumia springi za kuviringishwa mahali ambapo Colt hutumia springi bapa zinazovunjika, na vilengeo vyake hurekebishika, jambo lenye faida kwa mtu asiyeweza kuchagua risasi na hutumia zile zilizopo. Nakala za Kiitaliano, kama za Uberti, ni nzuri kwa macho na mara nyingi bei yake ni ya chini, ila vilengeo vyake vingi havirekebishiki. Risasi ya uzito tofauti ikigonga juu au chini ya shabaha, huna la kufanya. Rivolva ya kiwanda cha Freedom Arms, ya kaliba ya .454 Casull, ni kazi bora sana, lakini haimo katika mazungumzo ya bei nafuu.

Ukipata Ruger iliyotumika, tazama ubavu wa fremu. Zenye skrubu tatu zilitengenezwa kabla ya mwaka 1973, na nyundo yake ikigongwa kwa bahati mbaya inaweza kulipua risasi iliyo chini yake. Kwa hiyo hubebwa zikiwa na risasi tano tu, nyundo ikilala juu ya chumba kitupu, isipokuwa kama zimefanyiwa marekebisho na kiwanda. Zenye pini mbili ni za toleo jipya: ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kufyatulia pale tu triga inapovutwa, na hizo hubebwa na risasi sita bila wasiwasi huo. Nakala nyingi za Colt ziko katika kundi la kubebwa na risasi tano.

Mtutu wa sentimita 19 hulenga vizuri lakini humsumbua anayekaa kwenye pikipiki. Wa sentimita 12 hadi 14 unatosha kwa silaha ya kiunoni.

Hatua ya nne: ukaguzi wa iliyotumika

Fungua kilango cha kupakilia, zungusha silinda, uone kwa macho kwamba vyumba vyote sita ni vitupu, kisha urudie tena. Mtutu uelekee mahali salama muda wote. Omba ruhusa ya mwenye silaha kabla ya kila jaribio.

Funga kilango na uvute nyundo polepole sana, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa silinda kwa wepesi kama breki. Kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake, unapaswa kusikia na kuhisi kifungio cha chini kikidumbukia katika kikato cha silinda na kuishika. Nyundo ikifika mwisho na silinda bado haijajifunga, mtambo umechelewa, na risasi inaweza kupigwa wakati chumba hakijakaa sawa na mtutu. Fanya hivyo kwa vyumba vyote sita, kwani mara nyingi vitano huwa vizuri na kimoja kibovu. Tazama pia vikato vyenyewe: kingo zilizotanuka na kumeta ni alama ya silaha iliyokokiwa kwa pupa.

Nyundo ikiwa imekokiwa na silaha ikiwa tupu, isukume mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya wastani, bila kugusa triga. Ikianguka, usinunue. Sehemu inayoishika imelika, au mtu ameisugua ili triga iwe laini, na urekebishaji wake ni kazi ya fundi mzoefu mwenye vipuri.

Kisha chukua kile kipimo cha majani membamba ya chuma ambacho mafundi wa pikipiki hupimia nafasi ya valvu. Ingiza majani kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu, silinda ikiwa imesukumwa nyuma. Nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.15 ni nzuri sana, na hadi 0.20 bado inakubalika. Sasa isukume silinda mbele na nyuma: ikicheza kiasi cha kuonekana wazi kwa macho, silaha imepigwa risasi kali nyingi mno. Chini ya paa la fremu, juu kabisa ya nafasi hiyo, utaona mfereji mdogo uliochongwa na gesi ya moto. Mfereji mwembamba ni wa kawaida kwa .44 Magnum na huwa haukui baada ya mwanzo, lakini ufa wowote kwenye kitako cha mtutu haukubaliki.

Mdomo wa kila chumba una kipenyo chake. Ukiwa na kichwa cha risasi kilichong'olewa, bila ganda wala baruti, kisukume kwa kidole kutoka upande wa mbele: kinapaswa kupita kwa kubana kidogo. Kikidondoka chenyewe, shabaha itatawanyika. Kikikataa kabisa, tatizo ni dogo, kwani fundi anaweza kuupanua mdomo. Hili huonekana zaidi katika .45 Colt, ambayo vipimo vya viwanda vimepishana sana kwa miaka.

Mwisho toa silinda, weka karatasi nyeupe nyuma ya fremu kwenye mwanga wa dirisha, na uchungulie mtutu kutoka mbele. Mifereji ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu iwe na kingo kali. Pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja ina maana kwamba kuna risasi iliyopigwa nyuma ya nyingine iliyokwama, na mtutu umevimba. Madoa madogo ya kutu ninayavumilia ikiwa bei imeshuka kwa haki.

Hatua ya tano: mkono wako

Mpini wa Colt hujizungusha kiganjani silaha inapopiga teke, na watu wengi wanaupenda kwa sababu hiyo. Lakini katika baadhi ya Super Blackhawk kinga ya triga ina nyuma ya mraba, nayo hugonga kiungo cha kidole cha kati kila mara. Ishike silaha, usitazame picha yake tu. Mpini wa aina ya Bisley, ulionyooka zaidi, huwafaa wengi wanaopiga risasi kali. Uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu unachosha nyonga mchana kutwa, ila ndio unaopunguza teke.

Hatua ya sita: risasi za kwanza

Zipige katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, ukiwa umevaa kinga ya masikio na ya macho. Pakia sita, piga tano, kisha itoe ile ya sita na uipime ukiilinganisha na mpya ya sanduku lilelile. Kichwa chake kikiwa kimesogea mbele, teke linakivuta kutoka katika ganda, na siku moja kitachomoza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Badilisha aina ya risasi. Angalia kama pini ya katikati ya silinda imetoka mahali pake, kwani springi ya kitasa chake ikichoka pini hurukia mbele, nayo springi hiyo ni kipuri cha bei ndogo. Kaza kwa bisibisi inayokaa sawasawa ile skrubu inayoshika bomba la fimbo ya kutolea maganda, ambayo hulegea katika silaha za aina hii kuliko skrubu nyingine yoyote, na uikague tena kila baada ya mazoezi. Wakati wa masika usiihifadhi silaha ndani ya mfuko wake wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia pale mtutu unapoigusa. Ipanguse mafuta mepesi, uifunge katika sanduku la chuma, na risasi uzifungie mahali pengine.