Jinsi ya kuandaa kumbukumbu ya utumwa na uhuru mtaani, hapa Moshi

Desemba 9, Siku ya Uhuru, ikifika wengi tunaangalia gwaride kwenye tv, tunachoma nyama, basi. Mwaka huu fanyeni kitu mtaani kwenu, wala haihitaji hela nyingi.

Kwanza wazee. Waendeeni wiki mbili tatu kabla na msiende mikono mitupu, kilo ya sukari na majani ya chai yanatosha. Usimwambie mzee "tusimulie historia", atakurudishia yale ya redioni. Muulize bibi yake alimwambia nini kuhusu misafara ya pwani iliyopanda huku Uchagani kutafuta pembe za ndovu na watumwa, watu walikimbilia wapi, nani hakurudi. Na tuwe wakweli, baadhi ya mangi wetu, yaani machifu wa Kichaga, waliuza mateka, lisemwe hivyohivyo. Ila kama ukoo fulani unasemekana ulitokana na watumwa usiutaje hadharani bila wenyewe kukubali, hilo jeraha bado bichi.

Siku yenyewe nendeni kwa mfuatano, vijana wasome kwa zamu. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, lakini huku bara utumwa ulikuja kufutwa kisheria 1922 chini ya Mwingereza, ambaye naye alikuwa anatutawala, kwa hiyo mtu kaacha kuwa mali ya mtu ila nchi bado si yake. Hapo ndo pa kukaa muda mrefu. Semeni Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umekuwa ukidai kichwa chake kirudi kutoka Ujerumani. Halafu Wameru, jirani zetu wa mlima Meru, 1951 walifukuzwa na Waingereza kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki nyumba zikachomwa, wakachangishana wenyewe, na 1952 Mmeru mwenzao Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa New York, akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi hapahapa Moshi. Watoto wetu wanamjua nani kati ya hao?

Mkifika 1961 tenganisheni tarehe: Mei 1 tulipata madaraka ya ndani tu, uhuru kamili ni Desemba 9.

Muziki na mtori viwe mwisho, spika ikianza mapema wazee hawasikiki. Rekodini kwa simu, kwa ruhusa yao, halafu kopi ziwekwe kwenye flashi mbili, moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa na nyingine kwa familia ya mzee aliyesimulia.