Jinsi ya kufuatilia bei za nyumba zinazoshuka Tabora mjini

Dalali wa kwanza anataja milioni 48, wa pili 45, wiki inayofuata wa tatu anakwambia, "Mwenye nyumba kashusha, njoo na 42." Nyumba ni ileile ya Ipuli. Huenda hakuna aliyeshusha hata shilingi, ila kila mmoja ana cha juu chake, yaani faida anayojiongezea kwenye bei. Kwa hiyo fuatilia nyumba, usifuatilie tangazo.

Hatua ya 1: Andaa jedwali

Excel ya kwenye simu inatosha, hata kaunta buku. Kolamu nane: tarehe, eneo, namba uliyoipa nyumba, dalali, bei aliyotaja, ukubwa wa kiwanja, ujenzi ulipofikia (boma, imepauliwa, imekamilika) na karatasi zilizopo (hati, au mauziano ya serikali ya mtaa tu). Anza na nyumba 40 za maeneo mawili matatu, tuseme Ipuli, Cheyo na Isevya. Ukibeba mji mzima utaacha wiki ya pili.

Hatua ya 2: Itambue nyumba

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Madalali hupiga picha pembe tofauti na hawataji namba ya kiwanja. Angalia visivyobadilika: nakshi za grili za madirisha, rangi ya geti, kichanja cha tenki, mwembe ulipo uani, idadi ya mabati yaliyofifia upande mmoja wa paa. Vitu vitatu vikilingana, ipe namba ileile. Rangi ya ukuta usiitegemee, mtu akitaka kuuza hupaka upya. Kama kiwanja kimepimwa, omba namba na kitalu, ubishi utaisha.

Hatua ya 3: Andika siku moja kila wiki

Chagua Jumapili jioni, kwa mfano, na ushike hiyo hiyo. Bei mpya iandike mstari mpya. Ya zamani usiifute kamwe. Piga skrinshoti, kwa sababu dalali hufuta tangazo la miezi mitano akalirusha tena leo kama "mpya sokoni". Tarehe ya kuhesabia ni ile ya kwanza uliyoiona nyumba.

Tangazo likitoweka, piga simu. Imeuzwa? Imeondolewa? Andika hivyo, usihesabu kama kushuka.

Hatua ya 4: Hesabu mshuko wa kweli

Bei imeshuka pale tu dalali yuleyule anapotaja pungufu, au ukisikia kwa mwenye nyumba mwenyewe. Dalali mgeni mwenye bei ndogo mpe mstari wake, kisha subiri wiki mbili. Mwenye mali akiwa ameshusha kweli, hao wengine nao watashuka, maana wateja wanalinganisha.

Kutoka 48 hadi 45 ni 3 ÷ 48, yaani asilimia 6.25. Gawanya kwa bei ya zamani, si mpya.

Kisha tazama soko. Kati ya nyumba 40, zikishuka 9, hiyo ni asilimia 22.5. Panga mishuko yake kwa asilimia: 2, 4, 4, 5, 6, 7, 8, 10, 35. Wastani ni 9, lakini ya katikati ni 6, na hiyo 6 ndiyo ya kuamini. Ile 35 peke yake imevuta wastani juu.

Yanayodanganya

Maboma yakijaa kwenye magrupu ya matangazo, bei ya wastani itaanguka bila nyumba yoyote kushuka. Boma lipimwe na boma mwenzake. Msimu nao una lake: wakulima wa tumbaku wakishalipwa, wanunuzi huongezeka; Januari nayo, mahitaji ya shule huwabana wauzaji. Linganisha Januari na Januari iliyopita.

Nayo bei iliyoganda milioni 48 miaka miwili, mfumuko ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, thamani yake imeshapungua karibu asilimia 6. Huyo muuzaji anazungumzika kuliko anavyojionyesha.

Kumbuka yote haya ni bei za kutajwa. "Maongezi yapo" ikiongezwa kwenye tangazo lililokuwa halina, iandike pembeni, kwani mara nyingi hutangulia mshuko.

Na ile ya asilimia 35 ndani ya wiki moja? Usikimbilie kutoa kishika uchumba. Inaweza kuwa mirathi yenye ugomvi, mkopo wa benki au utapeli. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, uliza majirani, kisha omba upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki) ofisi ya ardhi kama ina hati. Pita pia usome ukuta wenyewe, huenda umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.