Uigaji, fahamu na vizibo vya soda: jinsi ya kuendesha kikao cha falsafa Kigoma

Swali la kama ulimwengu huu ni uigaji wa kompyuta, yaani mwigo unaoendeshwa na mashine, huwaka upesi, iwe kwenye klabu ya shule au baraza la kahawa Ujiji, na huzimika upesi vilevile, kwa kuwa wanaobishana hawajawahi kuona uigaji ukienda hatua kwa hatua. Anzeni kwa kuuendesha kwa mikono. Watu sita hadi kumi na saa mbili zinatosha.

Tafuta vizibo 30 vya soda, konzi moja ya punje za mahindi na chaki. Chora kwenye sakafu ya saruji miraba 12 kwa 12, kila upande sentimita 6. Ubao wa drafti una miraba 8 kwa 8 tu. Umbo la vizibo litakalotembea juu yake litagonga ukingo kabla watu hawajalielewa. Badala ya punje usiweke vipande vya karatasi, upepo wa ziwani utavipeperusha.

Mchezo wenyewe, uitwao Game of Life kwa Kiingereza, ulibuniwa na mwanahisabati Mwingereza John Conway na ukachapishwa mwaka 1970. Kila mraba umezungukwa na miraba 8, ya mshazari ikiwemo, na unaohesabiwa kuwa jirani ni ule wenye kizibo. Kizibo chenye majirani 2 au 3 kinabaki. Chenye pungufu au zaidi ya hapo kinatolewa. Mraba mtupu wenye majirani 3 kamili unapata kizibo. Nje ya ukingo hesabu kuwa patupu.

Kosa linaloharibu karibu kila jaribio la kwanza ni kutoa na kuweka vizibo huku hesabu ikiendelea. Mabadiliko yote ya hatua moja lazima yatokee kwa pamoja, la sivyo mraba wa kumi unahesabiwa kwa hali mpya ya mraba wa tisa. Basi kagueni ubao mzima kwanza: kizibo kinachokufa kipinduliwe, mraba unaozaa uwekewe punje. Kizibo kilichopinduliwa bado kinahesabiwa kuwa jirani, punje haihesabiwi. Ubao ukishakaguliwa wote, ondoeni vilivyopinduliwa na badilisheni punje kwa vizibo.

Sasa panga vizibo vitano kwenye kona ya juu kushoto: mstari wa kwanza, mraba wa 2; mstari wa pili, mraba wa 3; mstari wa tatu, mraba wa 1, 2 na 3. Kila hatua viwili vinatoka na viwili vinaingia, jumla inabaki 5. Mkipata tofauti, kuna aliyehesabu vibaya. Baada ya hatua 4 umbo lilelile limeshuka mraba mmoja na kwenda kulia mraba mmoja. Hatua ya 36 litakuwa limefika kona ya chini kulia.

Simamisha mchezo hapo uulize: ni nini kilichosafiri? Hakuna kizibo kilichosogezwa hata mara moja. Wanaoujua Ziwa Tanganyika watakumbuka wimbi: linafika ufukweni, lakini maji ya katikati ya ziwa hayakuja nalo, yalipanda na kushuka palepale. Mpe kila mtu nafasi ya kusema kama umbo lile ni kitu halisi au ni jina tu tulilovipa vizibo. Usiharakishe hapa. Ndipo penye utamu wa kikao kizima.

Kisha ongeza hoja nzito. Imethibitishwa kihisabati kwamba mchezo huu, ukipewa ubao usio na mwisho, unaweza kufanya hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Kwa hiyo kama fahamu, yaani kule kuhisi anakokupoteza mtu aliyezimia, ni hesabu tu, vizibo vingi vya kutosha vingeweza kuwa na fahamu. Anayekataa aseme ni nini kinachokosekana. Mwanafalsafa John Searle alijibu mwaka 1980 kwamba dhoruba iliyoigwa kwenye kompyuta hailoweshi mtu. Ni jibu zuri, lakini lina pande mbili: kikokotozi kinachoiga kujumlisha kinajumlisha kweli. Waulize wanakikao: fahamu ni kama mvua, au ni kama kujumlisha? Wagawe makundi mawili kwa jibu hilo, maana mengine yote yanaliegemea.

Baada ya swali hilo tu ndipo umlete mwanafalsafa Nick Bostrom na hoja yake ya mwaka 2003. Watu humnukuu vibaya kwamba amesema tunaishi ndani ya uigaji. Andika ukutani alichosema: angalau moja kati ya haya matatu ni kweli. Karibu jamii zote za kiwango chetu huangamia kabla ya kupata kompyuta za kutosha. Au zinazofika huko karibu zote hazitaki kuiga wahenga wao. Au sisi karibu hakika tumo ndani ya uigaji. Hoja yote inasimama juu ya sharti kwamba fahamu haijali imejengwa kwa nyama au kwa silikoni ya kompyuta. Walio upande wa mvua wameshalikataa sharti hilo, na wajue hivyo.

Mtu akisema ulimwengu mzima unaweza kuigwa bila kuacha kitu, mpe hesabu ya ziwa. Tanganyika lina eneo la kama kilomita za mraba 32,900 na kina cha wastani cha mita 570 hivi. Likate vipande vya kilomita 1 kwa 1, unene mita 10: karibu vipande milioni 1.9, na ndani ya kipande kimoja kundi zima la dagaa halionekani. Punguza kila upande kwa nusu, vipande vinakuwa mara 8. Muda wa hatua nao ukipunguzwa nusu, kazi ni mara 16. Bostrom alilijua tatizo hili, akajibu kwamba si lazima kuiga kila kitu, inatosha kuiga kile ambacho waliomo ndani wanakiona. Waulize basi: wavuvi wa karabai wanapokuwa usingizini, kilindi cha mita 1,470 kipo?