Somo: Umeokota ganda la risasi porini? Lisome kitakoni

Kila wiki naletewa picha ileile: kiganja kimefunguliwa, juu yake kitu kilichoota kijani, na swali "Yaya (kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), hii ni nini?" Naandika mara moja, kwa wote. Somo ni la sisi tunaotembea kwa miguu kandokando ya Lubumbashi, hasa barabara ya Likasi kuelekea mto Lufira, ambako watu walipigana mwaka 1961 na tena mwanzoni mwa 1963, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga.

1. Kipige picha kikiwa chini, kabla hujakigusa.

2. Hifadhi mahali penyewe kwenye simu. Ganda lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya habari yake.

3. Angalia kama kuna kitu hai ndani. Hapa nisikilize vizuri. Risasi nzima ina ganda, baruti ndani yake, kichwa mbele, na fataki, yaani kile kiduara kidogo katikati ya kitako. Kichwa kikiwepo, iache hapohapo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ganda lisilo na kichwa laweza kubaki na fataki nzima. Mimi nilikuwa na ganda la namna hiyo, mdomo umejaa udongo mwekundu. Nililipeleka nyumbani, nikakaa barazani, nikaanza kuchokoa kitako kwa msumari nizione herufi. Fataki ikalipuka. Kipande chembamba kama ukucha wa mtoto kikazama kwenye kidole gumba, na dada yangu ndiye aliyekitoa. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, anatazama ninachofanya.

Kwa hiyo: fataki iliyokwisha kupigwa ina kishimo katikati. Isiyo na kishimo ihesabu kuwa hai, hata kama imelala udongoni miaka sitini. Usiichokoe, usiigonge, usiibane kwa koleo, usiianike karibu na moto. Ukiona kitu kikubwa kuliko risasi, chenye mapezi au pini, usikisogelee. Rudi ulikopita, kanyaga nyayo zako mwenyewe, kamweleze chifu au polisi. Na kukutwa na risasi nzima mfukoni ni kesi.

4. Ganda lenye kishimo, osha kwa maji na mswaki laini. Ndimu na msasa hapana.

5. Soma kitako. Paka chaki nyeupe, pangusa kwa kidole, chaki ibaki ndani ya herufi. Mulika tochi kutoka ubavuni. FN ni kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka: FN 60 ni 1960. Huo ni mwaka wa kutengenezwa, si wa kupigwa. Ukiona msalaba ndani ya duara, usiseme ni msalaba wa Katanga, ule wa shaba wa mababu, kama wengi wanavyoniandikia. Ni alama ya NATO.

6. Pima urefu wa ganda kwa rula. Milimita 51, kitako bila ukingo: 7.62 ya NATO, ile ya bunduki za FAL. Milimita 56, na ukingo umetokeza kuzunguka kitako: .303 ya Kiingereza, waliyokuwa nayo Wahindi na Waireland wa Umoja wa Mataifa. Karibu 54, bila ukingo: huenda ni 7.65 ya Mauser, bunduki ya zamani ya Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelgiji. Milimita 39: ya Kalashnikov, na mara nyingi sumaku inalishika kwa sababu ni la chuma.

MASWALI

Kijana wa Katuba: Sijasoma yote. Inauzwa bei gani?

Mwandishi: Soma.

Fundi wa Kamalondo: Mimi nagonga kichwa kwa nyundo natoa baruti, sijawahi kuumia. Unatutisha bure.

Mwandishi: Kovu langu liko kidoleni, sikulisoma mahali. Siku utakayoumia hutapata nafasi ya kuja kunisahihisha. Usifundishe hilo watoto wa mtaa.

Mwanafunzi wa Kasapa: Yaya, nina picha ya ganda lililopasuka ubavuni, limefunguka kama ganda la karanga. Fataki haina kishimo. Lilipigwaje?

Mwandishi: Swali zuri sana, asante mdogo wangu. Halikupigwa. Ndani ya bunduki ganda linashikiliwa pande zote, lisingefunguka hivyo. Lako lilikuwa risasi nzima, moto wa nyasi ukalipita, baruti ikawaka likapasuka. Tafuta na kichwa chake, hakiendi mbali. Kikiwa hakina michirizi iliyopinda ubavuni, hakikupita ndani ya mtutu, na hapo una uhakika. Ukikishika, nawa mikono kabla ya kula, maana ndani ni risasi yenyewe, yale madini, na ni sumu.

Mama wa Ruashi: Sisi tunao msalaba wa shaba wa babu, mzito, umeota kijani. Tuusugue?

Mwandishi: Hapana mama, tafadhali. Kijani hicho ni ngozi yake. Hiyo ni handa, ndiyo msalaba wa Katanga, ilimiminwa kwenye kalibu na wafua shaba wetu kabla ya kampuni yoyote kufika, na watu walitolea mahari. Huko Sanga, Upemba, misalaba kama hiyo imechimbuliwa makaburini. Ufungeni kwa kitambaa kikavu, mkauonyeshe kwenye jumba la makumbusho hapa mjini.

Kijana wa Katuba: Nimesoma sasa. Langu ni jeusi, zito, linang'aa kama chupa, halina kitako.

Mwandishi: Umefanya vizuri kurudi. Hayo ni mavi ya chuma, taka ya tanuru, kama ule mlima mweusi wa mjini. Magari yalimwaga mengi barabarani.

Mwanafunzi wa Kasapa: Na msimu mzuri wa kutembea ni upi?

Mwandishi: Mvua mbili tatu za kwanza, kabla nyasi hazijaota. Maji yanaosha udongo chini ya vichuguu, na vitu vinabaki juu vyenyewe, huna haja ya kuchimba. Vaa buti, nyoka nao wanatoka wakati huohuo.