SOMO: Kuchagua mfuko wa pancha wa safari ya pikipiki (soma yote kabla hujauliza)

Kila mwenye safari ya Nakuru kwenda Kisumu huniuliza lile lile: ninunue mfuko gani wa pancha? Naandika mara moja.

1. Soma ubavu wa tairi na utazame rimu. Kama hakuna tyubu ndani, beba nyuzi za kuzibia (vipande vya mpira vinavyosukumwa tunduni) na kekee yake. Hizo ni za tundu la kwenye meno ya tairi, si la ubavuni. Rimu ya spoku kwa kawaida ina tyubu, hata tairi likiwa limeandikwa "tubeless" (bila tyubu). Hapo unahitaji viraka. Uzi hauzibi tyubu.

2. Spana ya nati ya ekseli: ijaribu nyumbani.

3. Vyuma viwili vya kutolea tairi, ncha za mviringo. Bisibisi itatoboa tyubu.

4. Pampu ndogo ya mkono au mguu, na kipimo cha upepo. Vile vichupa vya gesi vya gramu 16, kimoja hakitoshi tairi la nyuma.

5. Gundi. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimetoka Londiani naelekea Kericho, saa kumi jioni, mawingu yamefunga. Msumari, gurudumu la nyuma. Viraka ninavyo, vyuma ninavyo, pampu ninayo. Nikatoa tyubu vizuri, nikafungua gundi: imekauka yote. Nilikuwa nimeifungua miezi minne nyuma kumsaidia mwenzangu, nikairudisha mfukoni nikiamini kifuniko kimeshika. Nikasukuma pikipiki na mizigo yake mpaka giza likaingia. Gundi hii ikishatobolewa hukauka hata ukikaza kifuniko, kwa hiyo beba mbili ndogo ambazo hazijatobolewa. Ukitumia moja, nunua nyingine ukifika. Mfuko wenye gundi moja kubwa usiuchukue.

Na uitumie hivi: piga msasa mpaka mng'aro wa tyubu uishe, paka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka, kisha ngoja dakika tano hivi, zaidi kukiwa na baridi, mpaka isiloweshe kidole ukiigusa. Kiraka juu ya gundi mbichi kitateleza. Moto na sigara mbali. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi utafute ncha ya msumari; usitumie kidole kitupu.

MASWALI

Mwanachama, Njoro: Mkubwa, kwa hiyo ninunue mfuko gani?
Jibu: Hatua ya 1. Gurudumu lako lina tyubu?
Njoro: Sijaangalia.
Jibu: Kaangalie, ndugu, halafu urudi.

Mwanachama, Ahero: Si rahisi kutia ile dawa ya maji ya kuzibia, yaishe?
Jibu: Itakufikisha mjini, basi. Kwenye tyubu, ule ute huvuja tunduni na kiraka hakishiki tena. Sibebi.

Mwanachama, Kakamega: Nina Boxer ya spoku. Kwa nini nisibebe tyubu nzima, nikaachana na gundi njiani?
Jibu: Umefikiri vizuri, dada. Beba. Njiani unabadilisha tyubu, iliyotoboka unaitia kiraka jioni ukiwa umetulia. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 3.00-17. Itie poda, uivalishe soksi. Ikisuguana na spana safari nzima itatoboka kabla hujaitumia. Wakati wa kuiingiza, ipe upepo kidogo kwanza ili isibanwe na vyuma. Viraka usiviache, pancha ya pili huja.
Kakamega: Poda ya mtoto inafaa?
Jibu: Inafaa kabisa. Pakaza na ndani ya tairi.

Mwanachama, Molo: Mimi hubeba kichupa cha maji ya sabuni. Kinaonyesha tundu, na ukipaka ukingoni tairi linakaa kwenye rimu bila vita.
Jibu: Asante, mzee, naiongeza kwenye mfuko wangu. Ukiwa nayo, anza kudondoshea mdomo wa valvu kabla hujafungua gurudumu. Povu likitoka hapo, huenda ni sindano ya valvu imelegea tu.