Namna ya Kukusanya na Kuainisha Nakshi za Ndani ya Bahasha

Bahasha nyingi zinazobeba taarifa za benki, hati za mishahara na ankara huchapishwa nakshi upande wa ndani, mara nyingi kwa wino wa buluu au mweusi, ili anayeiinua bahasha kwenye mwanga asiweze kusoma kilichomo. Anayetaka kuzikusanya kwa utaratibu na aamue mapema kwamba kinachoainishwa ni muundo wa nakshi yenyewe, wala si rangi yake au aliyeituma barua.

Bahasha isichanwe kwa kidole. Pitisha kisu chembamba kwenye maungio yenye gundi, uikunjue yote mpaka ilale bapa, na kama ina dirisha, ubandue plastiki yake. Kabla ya kukata chochote, chunguza chini ya ulimi, yaani kifuniko cha bahasha, na kandokando ya maungio, kwa maana watengenezaji wengi huchapa hapo alama au namba ndogo inayosaidia kutambua asili ya bahasha. Sehemu yenye jina na anwani iharibiwe, hasa ikiwa bahasha umepewa na mtu mwingine. Katika kipande kinachobaki, andika kwa penseli tarehe ya muhuri wa posta na ukubwa wa bahasha, kwa mfano DL (milimita 110 kwa 220) au C5 (milimita 162 kwa 229).

Kazi yenye utamu ni kutafuta kipande kinachojirudia. Weka plastiki angavu juu ya nakshi, nakili sehemu ya kutosha, kisha isogeze polepole bila kuizungusha hadi michoro ilingane tena. Pima umbali huo katika pande mbili. Baada ya hapo izungushe nakala na uangalie kama inalingana kwa nusu mzunguko, theluthi, robo au sudusi, halafu uipindue, upande wake wa nyuma uwe juu, ili kujua kama nakshi ina ulinganifu wa kioo. Mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba nakshi zinazojirudia pande mbili kwenye bapa zina aina 17 tu za ulinganifu, na kwamba humo hamna hata moja inayolingana kwa humusi ya mzunguko. Kwa maoni yangu hakuna msingi bora wa kupanga mkusanyiko, kwa sababu watu wawili wasiofahamiana wakiipima nakshi moja watafikia jibu lilelile, ilhali majina kama “mawimbi” au “mkeka” kila mtu huyatumia apendavyo. Majina hayo yawe ngazi ya pili, pamoja na nembo na herufi zilizotapakazwa.

Madoadoa yanayoonekana kutokuwa na mpango yanahitaji subira. Yakichapwa kwa silinda inayozunguka, lazima yajirudie, ila mrudio unaweza kuwa mkubwa kuliko bahasha moja. Tafuta bahasha kadhaa za aina hiyo, uone kama ukingo wa moja unaendeleza nyingine. Hadi hapo ziwekwe katika fungu lake, bila kukisia.

Nakshi moja ikipatikana kwa buluu na kwa kijani, zihesabu kuwa matoleo mawili ya aina moja. Hifadhi vipande vikiwa bapa, mbali na jua, katika karatasi isiyo na asidi, na uache namba wazi baina ya mafungu kwa ajili ya vitakavyopatikana baadaye.